Ukoo wa Mzee: Jioni ya Dokta Remmy

JUMATATU

19:42 Anti Kimara: Wapendwa habari za jioni. Naandika tena maana nikinyamaza humu hakuna anayeshika jambo. Tarehe 13 Desemba ndo siku aliyofariki Dokta Remmy Ongala, 2010, na mnajua Mzee wetu alivyokuwa kwa yule mtu. Tunakaa kwa mama tunapiga nyimbo zake, za dansi mpaka zile za injili za mwishoni, kila mtu elfu 20. Mwenye viti na turubai anataka advansi mwisho IJUMAA

19:44 Kitinda: 👍

20:31 Anti Kimara: Tiki za bluu naziona jamani

20:50 Kaka Dodoma: Mi naona tufuate maisha yake, kazaliwa Kindu kule Kongo 1947, kaja Dar 1978 kwenye bendi ya mjomba wake Mzee Makassy, halafu bendi ya Matimila, halafu matamasha ya WOMAD Ulaya, wazungu wanacheza hawaelewi hata neno moja na yeye anawaimbia habari za mnyonge

20:53 Mama Mapacha: Mwenzenu kapata mjomba mwenye bendi kafika Ulaya, wajomba wa humu wanasoma meseji wanajificha 😂

20:54 Mjomba Mbagala: Tupo

20:58 Kitinda: Mambo kwa Soksi unapigwa kabla ya sala au baada

20:58 Mama Mapacha: 😂😂😂 na mchungaji kaalikwa

21:06 Kaka Dodoma: Mnacheka ila enzi hizo ukimwi unamaliza watu na kondomu hakuna anayethubutu kuitaja, yeye kaiimba. Radio Tanzania wakagoma kuupiga na bado kila mtu akaujua

21:07 Kitinda: sawa kaka, soksi analeta nani

21:09 Anti Kimara: VITI. IJUMAA. Na wewe Bamdogo, spika za Mzee zije Alhamisi tuzijaribu

JUMANNE

06:15 Bamdogo Temeke: Naamka nakuta nimeshapangiwa. Spika zina harusi wiki hiyo

06:17 Anti Kimara: Harusi ya nani?? Kumbe unakodisha spika za Mzee?

06:20 Bamdogo Temeke: Koni zikikatika nani anabadilisha, nyie mlishatoa hata hela ya waya? Tangu msiba mnaniangalia mimi kama mwizi

06:34 Mama Mapacha: Hata Matimila lilikuwa jina la mfanyabiashara mwenye vyombo, si la mtunzi wa nyimbo. Mwenye vyombo ndo mwenye bendi 😂

06:35 Anti Kimara: Usimpe kichwa huyo

07:10 Kaka Dodoma: Jamani turudi kwenye muziki. Mi mwenzenu Kifo ndo unanimaliza. Ile sauti yenye mkwaruzo anakisemesha kifo kama jirani aliyemfanyia ubaya, na magita chini yake yanacheza kama hayajui kuna msiba, unajikuta mguu unatikisika na machozi yanatoka, sijui mtunzi gani mwingine alinifanyia hivyo

07:12 Kitinda: kaka kalia kwenye daladala

09:48 Bibi: Wanangu. Nasomewa na mtoto hapa, nimesikia yote. Baba yenu alipokuwa kitandani alitaka huo huo wa Kifo asubuhi mpaka jioni, nikimwambia zima anasema ongeza sauti. Spika mlizibeba arobaini haijafika. Sikusema neno. Siku hiyo sitaki bia kwangu wala kelele za usiku. Upigwe mchana, watoto wakae wasikie maneno. Spika zisipokuja nina redio yangu

11:30 Anti Kimara: Sawa mama

12:02 Mama Mapacha: Shikamoo mama, tumesikia

14:40 Bamdogo Temeke: Mama nimekuelewa. Ila nzima ni moja, ile nyingine twita imeungua

14:41 Anti Kimara: Iliungulia harusi gani?

14:55 Bamdogo Temeke: Nimesema nitaleta hiyo moja. Harusi nitaongea nao

14:57 Anti Kimara: Utaongea nao au umeshaongea nao? Halafu mpaka saa hizi nina elfu 20 ya Mjomba Mbagala peke yake

15:03 Mama Mapacha: Mjomba tunaomba radhi 😂

15:04 Mjomba Mbagala: Tupo

21:26 Kitinda: na Soksi je? bibi hajaukataza

21:27 Anti Kimara: Tuma elfu 20 kwanza