Mrejesho: mkanda wa kupandia kwenye mizinga ya nyuki

Wakuu, narudi. Niliuliza ninunue ngazi au mkanda kama wa mafundi wa nguzo za umeme, wa kupandia kwenye mizinga yangu iliyo juu ya miti huku Sikonge, Tabora. Nilichukua mkanda, ngazi nani aibebe porini?

Mti wa kwanza, aina ya mtundu, ulinitia adabu. Nilifunga kamba ya mkanda imelegea, ikanasa kwenye gome, nikaning'inia mita 4 hivi huku bomba la moshi wa kutuliza nyuki limezimika na wenyewe wameshachangamka. Mkono ulivimba kama andazi.

Sasa najifunga nikiwa bado chini, kamba inatangulia juu ndipo miguu ifuate. Ndoo naivuta baadaye kwa kamba yake. Babu jirani bado anapanda peku, ananicheka tu. Asali nimepata ndoo 2.