Barabara inapita kwenye makaburi ya kanisa, na walevi wanakunywia humo humo: sheria ikoje?

Mzee wa Usharika: Wakuu, heshima kwenu. Barabara kuu inapanuliwa na vigingi vimeingia ndani ya makaburi ya usharika. Makaburi mengine yana X nyekundu, mengine ya kijani. Je, wanaweza kuhamisha bila ridhaa yetu? Fidia ni ya kanisa au ya familia? Na ukuta ukibomolewa, wanywaji wa vilabu vya jirani, ambao hata sasa wanakalia makaburi na chupa zao, tutawadhibiti vipi?

Mthamini: Mkuu, kwanza shikeni futi kamba. Sheria ya Barabara ya Tanzania ya 2007 imeipa barabara kuu hifadhi ya mita 60, yaani 30 kila upande kuanzia katikati ya barabara. Zamani ilikuwa 45, yaani 22.5 kila upande. Kwa kawaida nyekundu ni kilicho ndani ya 22.5, hakilipwi kwa kuwa kinahesabiwa kimeifuata barabara. Kijani ni kati ya 22.5 na 30, kinalipwa eneo likihitajika. Kama makaburi yalitangulia barabara, msikubali nyekundu kimya kimya. Pelekeni hati, ramani ya upimaji na rejesta ya maziko. Kaburi kongwe lenye tarehe ni ushahidi mkubwa.

Wakili Kijiweni: Kuhusu ridhaa: Sheria ya Kuhamisha Makaburi, Sura 72, ya 1969, inairuhusu serikali kuhamisha kaburi ardhi ikihitajika kwa manufaa ya umma. Hamna kura ya turufu, ila mna haki ya kupewa taarifa na ya marehemu kuhamishwa kwa heshima ya dini yake. Fidia ya kaburi ni gharama zinazofaa tu: kufukua, kusafirisha, kuzika upya, kujenga kaburi upya, pamoja na ibada au matambiko yanayoambatana. Uchungu haulipwi.

Hapo ndipo watu hukorofishana. Fidia ya gharama za kaburi ni ya familia. Ardhi, ukuta na miti ni vya mwenye hati, ambaye kwa makanisa mengi ni bodi ya wadhamini iliyosajiliwa, hivyo malipo yaende akaunti ya bodi, si ya mchungaji wala mtunza hazina.

Mzee wa Usharika: Asante sana. Kuna makaburi hayana msalaba wala jina.

Afisa Afya: Hayo ndiyo hupotea, hasa ya watoto wachanga. Pitieni eneo lote pamoja na wazee kabla mthamini hajafika. Kila kaburi lipewe namba, lipigwe picha, liandikwe vipimo na kama ni la udongo, zege au vigae. Lisilo na ndugu liandikwe kwa jina la usharika. Msisaini fomu ya uthamini kabla ya kuhesabu mistari na kuona kila kaburi lina wake.

Siku ya kufukua, kaburi jipya liwe limeshachimbwa. Zungushieni turubai, anzeni alfajiri, afisa afya awepo, wachimbaji wavae glovu ndefu na buti. Kaburi moja, jeneza dogo moja, lebo moja inayofungwa palepale. Mkifukua matatu kwa pamoja mifupa itachanganyika. Kwa kaburi la zamani sana huenda mkakuta udongo mweusi tu. Chukueni huo, ndiye marehemu wenu.

Wakili Kijiweni: Walevi sasa. Kifungu cha 127 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu anayeingia makaburini kwa nia ya kuumiza hisia za watu au kudhalilisha dini yao. Kuthibitisha nia ni kazi, kwa hiyo wekeni bango la katazo, na mtu aonywe mbele ya mashahidi. Akirudi, nia inaonekana. Mwandikieni mtendaji wa kata, nakala kwa OCD (mkuu wa polisi wa wilaya): tarehe, saa, jina la kilabu. Ombeni leseni za vilabu hivyo zikaguliwe, na muulizie sheria ndogo za halmashauri yenu kuhusu saa za kuuza na kunywea nje.

Mthamini: Nyongeza ndogo. Daini kwa maandishi kwamba ukuta mpya usimame kabla wa zamani haujavunjwa. Pengo likikaa wiki mbili tu, makaburi yanageuka njia ya mkato, na kuifunga baadaye ni ugomvi na mtaa mzima.