Misa ya uumbaji na kupanda mikoko Mida: Dominika yaruhusu?

Katekista_Malindi
Tumsifu Yesu Kristo. Kigango chetu kinataka kufunga Kipindi cha Kazi ya Uumbaji (1 Septemba hadi 4 Oktoba) kwa Misa, kisha tupande mikoko hori ya Mida. Mwaka 2026 tarehe 4 Oktoba, Mt. Fransisko wa Asizi, inaangukia Dominika. Je, siku hiyo twaweza kutumia ile Misa mpya ya kutunza uumbaji? Sala ya waumini nayo tuiandikeje?

Sakristia
Milele na milele, amina, Mwalimu. Dominika paroko hawezi kuamua peke yake. Misa hiyo, iliyotolewa Vatikano Julai 2025, ni ya kundi la Misa za mahitaji mbalimbali, yaani za nia maalumu, na Dominika ya kawaida haiipishi mpaka askofu aagize au aruhusu. Fanyeni Jumamosi asubuhi. Injili ni Mathayo 6:24-34 au 8:23-27; kwa watu wa pwani ningechukua ile ya dhoruba.

Sala ya waumini: Kanisa, viongozi na dunia, wenye shida, kisha jumuiya yenu. Kosa kubwa ni kugeuza nia kuwa semina ya plastiki. Msomaji anawaambia watu waombe, hamhutubii Mungu wala hawasomei waumini makosa yao. Sentensi moja yatosha: "Tuwaombee wavuvi na wakata boriti, ili riziki yao isimalize mikoko inayowalisha. Ee Bwana." Mkishaifikisha hapo, nyamazeni kidogo kabla ya kiitikio. Katika kimya hicho ndipo watu wanapoomba.

Mtu_wa_Hori
Mwalimu, Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba ni maji mafu, yaani hupwa kidogo tu, tope halitoki vizuri. Chukueni Jumamosi 26 Septemba: mwezi mpevu, bamvua, yaani maji hupwa sana, karibu saa nne asubuhi. Misa saa moja, saa tatu muwe ufukoni. Hakikisheni kwa jedwali la maji, na mpate ruhusa ya ofisi ya misitu kwanza, maana mikoko ni msitu wa serikali.

Okoteni mbegu za mkoko zilizokomaa, zenye pete ya manjano shingoni. Ncha chini, chipukizi juu, theluthi moja ndani ya tope, mita moja kati ya mche na mche. Wageni wengi huipindua, ikafa. Wengine hupanda kwenye tope la mbele lililo wazi ili picha itoke nzuri. Huko ni kwa mlilana, aina nyingine ya mti wa mikoko, na mkoko wenyewe huzama muda mrefu kisha mawimbi huung'oa. Pandeni nyuma yake, palipokatwa. Baraka ya miche ifanyike kabla watu hawajaingia matopeni, la sivyo hakuna atakayesikiliza.

Katekista_Malindi
Ahsanteni sana. Tarehe 26 si Watakatifu Kosma na Damiano?

Sakristia
Ndio, lakini ni kumbukumbu ya hiari. Haizuii.