Wauzaji wa wanyama wa kuchezea, andikeni skeli! Nyegere hawezi kukaribiana na fisi

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na hasira yenyewe ina sababu. Kwa miaka minne nimekuwa nikikusanya wanyama wa plastiki ili nipange Serengeti ndogo juu ya ubao ulioko sebuleni kwangu, na tangu mwanzo nimeshika sharti moja tu, kwamba kila mnyama awe katika uwiano (skeli) wa 1 kwa 20, yaani kipimo cha mnyama halisi kigawanywe kwa 20. Twiga dume, ambaye akiwa hai huvuka mita 5, kwangu anapaswa kuwa na kimo cha sentimita 26 hivi. Simba dume mwenye mita 1.2 begani awe na sentimita 6. Na digidigi asizidi sentimita 2. Hiyo ni hesabu ya kugawanya ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza.

Wiki iliyopita nilinunua seti ya wanyama sita katika duka moja la mtandaoni la hapa Dar es Salaam, baada ya kumuuliza muuzaji mara mbili, kwa maandishi, kama wote wametengenezwa kwa uwiano mmoja, naye mara zote mbili akajibu kwamba ndiyo. Mzigo ulipofika nilichukua rula. Tembo dume ana sentimita 9 begani, maana yake yuko karibu na 1 kwa 36. Simba ana 6, yuko sawasawa, lakini akisimama kando ya tembo huyo anamfikia theluthi mbili ya kimo! Ngiri ana 5, kama 1 kwa 15. Nyegere, ambaye porini hafiki sentimita 30 begani, amepewa sentimita 3.5, yaani takribani 1 kwa 8, na nikimweka ubaoni anageuka mnyama wa sentimita 70 anayekaribiana na fisi. Nyegere anaheshimika kwa sababu huthubutu kumkabili mnyama aliyemzidi mbali kwa umbo. Ukishamkuza hivyo umemnyang'anya ushujaa wake wote.

Nilipolalamika nilijibiwa kwamba hivi ni vitu vya watoto na watoto hawaoni tofauti. Si kweli hata kidogo. Mpwa wangu wa miaka saba, ambaye amewaona tembo wa Mikumi kupitia dirisha la basi tukielekea Iringa, alimshika tembo yule, akamweka kando ya simba, kisha akaniuliza, "Mjomba, huyu bado hajakua?"

Sababu ya mchezo huu naijua. Ukiongeza vipimo vya mnyama mara mbili kila upande, plastiki inayohitajika inaongezeka mara nane, kwa hiyo watengenezaji humpunguza tembo ili aenee kwenye boksi na bei isipande, na humkuza mnyama mdogo ili mnunuzi asione ametoa fedha yake kwa kitu kilicho sawa na punje ya harage. Huo ni uamuzi wao wa kibiashara na siupingi. Ninachokipinga ni kuwachanganya wanyama wa namna hiyo katika pakiti moja, kisha kuniapia kwamba wanalingana.

Wala asiniambie mtu kwamba haiwezekani. Kampuni ya vitu vya kuchezea ya Britains, ya Uingereza, ilianza mwaka 1893 kutengeneza askari wa madini ya risasi wenye kimo cha milimita 54, kipimo kilichochaguliwa ili walingane na treni za kuchezea za wakati ule, na hadi leo matrekta na wanyama wa shambani wenye jina hilo huuzwa kwa 1 kwa 32, tena kwa kuandikwa waziwazi. Ikiwa ng'ombe na trekta wanaweza kulinganishwa, nyumbu na pundamilia wana kosa gani?

Kuna na hili neno "urefu" linalowekwa kwenye matangazo. Kwa twiga muuzaji hupima kutoka kwato hadi pembe, kwa simba hupima kutoka pua hadi ncha ya mkia, na kwa kiboko wakati mwingine anachoandika ni urefu wa boksi. Kipimo cha namna hiyo hakinisaidii kitu. Andikeni kimo cha begani, kwato hadi bega, na mweke rula kando ya mnyama kwenye picha. Hiyo ni kazi ya dakika moja, nayo ingeniokoa na hasara hii, kwa kuwa muuzaji huyu amekataa kurudisha fedha zangu akidai kwamba pakiti imeshafunguliwa. Ningewapimaje bila kuifungua?

Bado ninatafuta nyumbu kumi na wawili wenye sentimita 6 hadi 7 begani, pamoja na pofu (yule swala mkubwa) mmoja dume mwenye 8. Mwenye kuwajua wanakouzwa anielekeze, ila tafadhali aweke kipimo alichokipima kwa mkono wake, si kile kilichoandikwa na muuzaji.