Naomba ushauri: mjafari au Vepris, kwa kuangalia mbao tu

Wakuu, salaam. Nina kipande kigumu cha mbao ya njano hafifu, bila gome wala majani. Nashuku ni mjafari, Zanthoxylum chalybeum, au Vepris nobilis, yote miwili miti ya familia ya michungwa. Nimesawazisha kichwa chake (upande uliokatwa kukingama nyuzi) kwa wembe mpya, nikakilowesha na kutazama kwa lenzi ya mara 10: vitundu vya mishipa ni vidogo, vimetawanyika, vingine vimeungana safu ya 2 hadi 4 kufuata miale (mistari ya seli inayotoka katikati ya shina kuelekea gome). Miti mingi ya familia ya michungwa iko hivyo, kwa hiyo haitoshi. Vipande vya sentimita 1 nimevichemsha hadi vikazama, lakini nikikata unene wa mikroni 20 (milimita 0.02) ili kutazama kwa hadubini, miale inachanika.

Je, upana wa miale na mahali zilipo fuwele (chembe za madini ndani ya seli) vinatosha kuzitenganisha jenasi hizi, yaani Zanthoxylum na Vepris? Na kuloweka kwenye gliserini na spiriti nusu kwa nusu kutazuia kuchanika?