Stesheni za zamani za reli ya Tanga–Moshi: zikodishwe zikiwa bado na paa, au tusubiri zibaki kuta?

Mtoto wa Kota (mleta mada):
Wadau, salaam. Juzi nilishuka basi mahali fulani kati ya Mombo na Same. Sipataji kwa makusudi, watu wa chuma chakavu nao wanasoma. Nilikwenda kuangalia kota tulizokulia; mzee wangu alikuwa mtu wa genge la kutengeneza njia ya reli, maisha yake yote mataruma na kokoto.

Stesheni bado ipo. Kuta za mawe, unene wake dhiraa nzima. Dirisha la tiketi lina nondo zake zote tatu, na ubao wa chini umelika katikati kwa sarafu na viganja vya watu, ukipitisha kidole ni kama unapapasa bakuli. Ndani mavi ya mbuzi na magunia mawili ya mkaa. Nje jukwaani mama mmoja ameanika maharage. Upande wa magharibi bati nne zimeng'olewa. Kile kipande cha reli kilichokuwa kikigongwa kama kengele hakipo, kimebaki kitanzi cha waya.

Treni ya abiria iliporudi Moshi Desemba 2019 tulishangilia sana, lakini pale kwetu ilipita bila kusimama. Kwa hiyo abiria hawatalirudisha hilo jengo. Hoja yangu: stesheni ndogo zisizotumika zikodishwe sasa hivi, kwa bei ya kutupa, kwa serikali ya kijiji, kikundi cha akina mama, hata muuza mbegu. Masharti yawe mawili tu: paa lisivuje, ukuta usiguswe. Nyumba yenye mtu ndani haiibiwi bati.

Mpare wa Tambarare:
Mkuu, nakuheshimu, ila hii ni mada ya mtu aliyeshiba. Mimi niko huku. Zahanati yetu ina chumba kimoja na nusu, hiyo nusu ni pazia. Leo tuchange kukarabati nyumba ya Mjerumani? Alijenga ili asombe mkonge na kahawa apeleke kwao. Mawe yale yavunjwe yajenge choo cha shule, hapo ndipo yatakapomfaa mtu mweusi kwa mara ya kwanza.

Bibi Mkonge:
Mwanangu, Mjerumani hakubeba jiwe hata moja. Waliobeba ni hao babu zako na wangu. Reli imeanza Tanga 1893, kampuni ikafilisika, serikali yao ikaichukua 1899, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905, Moshi 1911. Kilomita 352 kwa miaka 18, na mikono iliyozilaza ni ya watu weusi. Novemba 1914 askari walioteremshwa kutoka Moshi kwa treni hiyohiyo kuipigania Tanga walikuwa nani? Wengi wao weusi, Wajerumani wachache. Ukivunja jengo, Mjerumani hapungukiwi kitu. Anayepoteza ushahidi ni wewe.

Na hilo la choo: mawe yapo tele mlimani Upareni, hamjakosa mawe. Mmekosa saruji.

Mpare wa Tambarare:
Hapo kwenye saruji umenipata, bibi. Lakini ushahidi hauliwi.

Gadi Mstaafu:
Nimefanya kazi njia hii miaka mingi, nimelala kwenye stesheni hizo na kibatari. Mleta mada ana nia njema lakini anasahau kitu kimoja: reli haijafa. Stesheni si nyumba tu. Pale pana njia ya kupishana treni, pana pointi za kubadilishia njia, pana jukwaa. Ukimweka mama lishe, wateja wake watakuja na bodaboda, watoto watacheza katikati ya njia, siku treni ya mizigo inapita saa nane usiku mtakuja kulia hapahapa. Dereva hana breki ya kusimama ghafla na mabehewa ishirini nyuma yake.

Ninachokubali ni hiki: kodisheni kota na bohari zilizo upande wa pili, mbali na njia. Jengo la stesheni libaki mikononi mwa reli, lipakwe chokaa, lizibwe madirisha, basi.

Mtoto wa Kota:
Mzee Gadi, shikamoo. "Libaki mikononi mwa reli" ndilo lililotufikisha kwenye mavi ya mbuzi. Kuhusu usalama naafiki, iwekwe fensi na mlango wa nyuma, biashara itazame barabarani. Lakini kuziba madirisha? Stesheni iliyozibwa madirisha kule kwetu inaitwa mochwari.

Gadi Mstaafu:
Marahaba. Fensi nani atalipia? Na fensi nayo ni chuma.

Wa Muheza:
Mbona mnabishana kama hakuna mfano? Njooni Sigi, chini ya Amani. Kulikuwa na kijireli chembamba kilichotoka Tengeni kupanda msituni enzi za Mjerumani. Reli iling'olewa zamani. Ila nyumba ya stesheni masta ilikarabatiwa, leo ndiyo kituo cha taarifa cha hifadhi ya Amani: mgeni anaingia, anachukua ramani, anapata mtu wa kumtembeza. Hata Tanga mjini, boma la zamani limegeuzwa makumbusho ya Urithi. Ukipata kazi ya kulipa jengo, linajitunza.

Fundi Paa:
Wa Muheza, Amani ina vipepeo, ndege na wazungu wenye darubini. Buiko nani anakwenda na darubini? Hedaru je? Huo mfano ni wa msituni, huku ni mkonge, vumbi na lori za Arusha. Ila naongeza la kifundi: msiwape wapangaji ruhusa ya "kukarabati". Nimeliona jengo moja la chokaa na mawe, mpangaji kalipiga plasta ya saruji ndani na nje, rangi ya mtandao wa simu juu yake. Miaka mitatu ukuta umeanza kutoa jasho, plasta inadondoka na vipande vya jiwe. Chokaa inapumua, saruji haipumui. Sharti la mleta mada la "ukuta usiguswe" ndilo la maana kuliko hata kodi yenyewe.

Wakili wa Mtaani:
Mnaongea kama majengo haya yanalindwa. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inahesabu vya kale vilivyojengwa kabla ya 1863. Stesheni zetu kongwe kabisa ni za miaka ya 1890. Maana yake hakuna hata moja inayoingia yenyewe. Mpaka waziri aitangaze, jengo kwa jengo. Kwa hiyo anayeng'oa bati leo ni mwizi wa kawaida wa bati, hajagusa urithi wa taifa.

Wa Voi:
Niko upande wa pili wa mpaka, mniruhusu. Sisi na nyinyi ni reli moja: vita vya kwanza Mwingereza alivuta njia kutoka Voi, Mwatate, Maktau, Taveta, akaja kuunganisha na yenu pale Kahe. Sasa sikizeni yaliyotupata. SGR, reli ya kisasa ya Kenya, ilipoanza 2017, treni ya zamani ya abiria ya Mombasa ilisimamishwa mwaka huohuo. Stesheni za vijijini zilikuwa na karani, taa na mfagiaji. Vyote vikaondoka pamoja. Nyinyi mnangoja reli ya kisasa ije Tanga. Siku ikija haitapita mlangoni mwa stesheni ya reli ya zamani, ile yenye upana wa meta moja. Kama mna la kufanya, mfanye treni ikiwa ingali inapita, maana sasa kuna angalau mtu wa reli anayefika kukagua njia.

Mtoto wa Kota:
Wa Voi, hilo sikulifikiria kabisa, asante. Nabadilisha kidogo: tuanze na stesheni tatu tu, zenye kota mbali na njia kama alivyotaka Mzee Gadi, kabla hatujazungumzia nyingine. Mpare, ukinisaidia kwenye mkutano wa kijiji mimi nitakuja na hoja ya zahanati yako: bohari ile ina vyumba viwili vikavu, paa zima. Dawa zinaweza kukaa humo kuliko nyuma ya pazia.

Mpare wa Tambarare:
Sasa unaongea Kiswahili. Bohari naijua, ina popo lakini sakafu ni nzuri. Mkutano ni baada ya mnada.

Halafu kuhusu ile kengele yako. Haikuibiwa. Iko shule ya msingi, imetundikwa kwenye mwarobaini. Nimeigonga mimi mwenyewe miaka miwili nikiwa kiranja wa zamu.

Gadi Mstaafu:
Hiyo ni mali ya reli.

Bibi Mkonge:
Gadi, na wewe.

Mtoto wa Kota:
Iacheni hukohuko kwenye mwarobaini. Ila mizani ya mizigo, ile ya jiwe la kilo hamsini, nayo iko shule?

Mpare wa Tambarare:
Mizani sijui. Ngoja nimuulize mtu wa mkaa.