Kunitupia ndala mapajani kisa Daniel Day-Lewis! Huyu mtu wa kibanda umiza kavuka mpaka

Wakuu, nimeacha viatu vya watu mezani, vidole bado vina gundi, naandika kabla sijamfuata mtu nikaishia kituoni. Wa Mtwara mjini mnamjua, sina haja ya kumtaja. Mwenye kibanda umiza, mwenye sauti inayofika Mikindani bila spika. Huyo huyo. Ukimwambia umeumwa, yeye alishakufa akafufuka.

Jana usiku mpira umeisha, kibanda kimejaa, akaweka ile ya Wahindi Wekundu, The Last of the Mohicans ya 1992. Nikamwambia jirani yangu wa benchi, tena taratibu, kwamba huyu Day-Lewis, muigizaji wake mkuu, aliwahi kuzipa sinema mgongo akaenda Florence, Italia, kujifunza kushona viatu. Basi. Jamaa akapunguza sauti, akasimama mbele ya skrini: "Mmemsikia fundi? Eti staa wa Hollywood ni fundi viatu mwenzake!" Kibanda kizima kikalipuka. Akavua ndala yake iliyokatika kamba, akanirushia mapajani, akanibandika na jina la tuzo ya sinema: "Haya Oskari, shona."

Ndala! Mapajani! Ina tope! Mjomba wa mke wangu kakaa benchi la nyuma, anaona.

Sasa anisome vizuri. Baada ya The Boxer ya 1997, Day-Lewis hakuonekana kwenye filamu mpya mpaka Gangs of New York, 2002. Katikati hapo alikuwa kwa Stefano Bemer, fundi viatu wa Florence, anajifunza kazi. Waandishi walimchimba, hakutaka kuielezea, kwa sababu maisha ni yake. Ujanani aliomba kujifunza useremala wa samani, wakamkataa, ndipo akaenda chuo cha maigizo Bristol. Kwa ajili ya filamu ya Phantom Thread alijifunza kushona nguo hadi akatengeneza upya gauni la mbunifu Balenciaga kwa mikono yake. Na ana tuzo tatu za Oskari za muigizaji bora wa kiume: My Left Foot, There Will Be Blood, Lincoln. Hakuna mwanamume mwingine aliyezifikisha tatu za aina hiyo. Wewe una nini? Una mabati na ndala moja, maana ya pili ninayo mimi!

Akaongeza eti "angekuwa staa kweli tungemuona kila siku". Kwake yeye staa ni mtu wa kuposti ugali. Day-Lewis 2017 alitangaza kuacha kuigiza kwa maneno machache ya msemaji wake: ni uamuzi binafsi, hatasema zaidi. Akanyamaza. Miaka mingi kwake ni Wicklow, Ireland, vijijini kabisa, na mke wake Rebecca Miller, na ya nyumbani yanabaki nyumbani. Mimi hilo nalipenda mno. Mtu anaheshimu mikono yake kuliko mdomo wake.

Kiatu kinakuja kimeachama. Unang'oa soli, unakwangua gundi ya zamani, unapaka uzi nta, unatoboa, unapitisha, unavuta mpaka kidole kinachanika. Nusu ya mji huu inatembea juu ya uzi wangu. Mwenye Oskari alivuka nchi kwenda kuisomea kazi hii, halafu mtu wa mabati anaitupia ndala.

Leo asubuhi bodaboda kapita: "Oskari, vipi!" Muuza pweza: "Oskari!" Mtoto wa darasa la kwanza, kaptula inamvuka: "Shikamoo Oskari!"

"Haya Oskari, shona." Wakuu, ndala iko hapa. Siishoni. Aje aichukue mwenyewe mbele ya watu wale wale.

*

Kijana wa Chikongola: Pole sana mkuu. Ila sijaelewa, ndala umeishona au bado?

Mama Pweza: Oskari, kumbe na huku upo? Viatu vya mwanangu vya shule lini? Kila siku kesho.

Fundi (mleta uzi): Mama, viatu tayari tangu juzi. Na usiniite hivyo.

Mzee wa Ligula: Chai hii, tena haina sukari. Mwenye hela zote hizo akakae kibarazani atoboe soli?

Fundi (mleta uzi): Mzee wangu shikamoo, lakini siyo chai. Huyu 1989 alikuwa anaigiza Hamlet jukwaani London, akatoka katikati ya onyesho, na tangu hapo hajarudi kuigiza jukwaani. Akiamua kuondoka anaondoka. Hela haimshiki mtu wa namna hiyo.

Mzee wa Ligula: Marahaba. Bado ni chai.

Dogo wa Shangani: Si alisema kaacha? Mbona 2025 kaibuka tena?

Fundi (mleta uzi): Hiyo ni filamu ya Anemone. Kaiandika na mwanawe Ronan, na Ronan ndiye mwongozaji. Kumshika mkono mwanao imekuwa kosa? Tuongelee ndala!

Bodaboda wa stendi: Huyo wa kibanda mimi nina kesi naye kubwa kuliko ndala. Alizima jenereta dakika ya 88 tunaongoza, akasema mafuta yameisha. Tukatoka, jenereta likawaka. Mia tano yangu mpaka leo.

Dada wa Mikindani: Afadhali jenereta. Mnaonaje wale wanaotafsiri muvi? Mama wa watu analia mtoto kafa, jamaa anatangaza namba yake ya simu juu ya kilio! Nilitoka na hasira, sikulala.

Kijana wa Chikongola: Dada umenigusa. Na steringi wote wanaongea sauti moja, hadi bibi harusi.

Mkulima wa Newala: Nyie wa mjini mnalilia muvi. Huku salfa, dawa ya mikorosho, imekuja mifuko michache, kwenye daftari wameandika nimechukua, sahihi siyo yangu! Mtu kajaza jina langu, kabeba, kapulizia mikorosho yake.

Bodaboda wa stendi: Duh. Huyo ni wa kupelekwa mbele.

Mzee wa Ligula: Hili sasa ndilo la maana. Mwaka jana na mimi yalinikuta hayo hayo.

Fundi (mleta uzi): Wakuu turudi kwenye mada. Alinitupia ndala. MAPAJANI.

Dada wa Mikindani: Mkulima, hiyo salfa ni ya unga au ya maji? Kwangu ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, umeshapanda kwenye maua, na mwenye pampu kanizungusha wiki nzima.

Mkulima wa Newala: Ya unga, dada. Njoo inbox nikupe namba ya mtu mwenye pampu.

Mama Pweza: Na mimi nitumie hiyo namba.